Kaye ya akiba, simu na Python: wamama waanze wapi?



Mwezi wa kumi na mbili tunaujua wote katika AVEC zetu: ni mwezi wa kugawana. Wamama watatu wanatoa funguo tatu, sanduku linafunguliwa, pesa zinawekwa juu ya kitenge, kesieri anaanza kuhesabu. Kuna mama anayejua tayari kiasi atakachopata, kwa sababu usiku alihesabu mihuri ya karne yake. Kuna mwingine anayengoja tu jina lake liitwe, apokee, aseme asante, aende. Tunaandika ukurasa huu hasa kwa ajili ya huyo wa pili.

Siku hizi vikundi vingi vinampa kijana mmoja mwenye ordinatere hesabu ya mwaka mzima. Anarudi na karatasi iliyochapwa vizuri, kila mama na pesa yake. Karatasi inapendeza macho. Lakini ukiuliza namba hizi zimetoka wapi, jibu ni moja: "Mashini ndiyo imesema." Sanduku liliwekewa kufuli tatu kusudi mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Sasa umepatikana ufunguo wa nne, nao uko katika mfuko wa mtu mmoja. Hatusemi kijana huyo ni mwizi. Wengi wao ni watoto wetu, na wanafanya kazi hiyo bila hata soda moja. Tunasema hivi tu: hesabu ambayo hakuna mama anayeweza kuirudilia mwenyewe bado si hesabu ya kikundi.

Ndiyo sababu, sisi walimu wachache pamoja na wamama wa vikundi, tunakutana siku ya Posho mchana kujifunza kuandika programu ndogo za hesabu. Wengine kati yetu walimaliza chuo, wengine waliachia masomo darasa la sita. Tofauti hiyo haionekani sana mbele ya mashini, na tutaeleza kwa nini.

Programu ni nini? Ni orodha ya maagizo, agizo moja katika kila mstari, ambayo mashini inayafuata kutoka juu kwenda chini. Mtume mtoto wa miaka saba dukani. Ukimwambia "leta chumvi", ataleta chumvi. Kama hukumwambia arudishe pesa inayobaki, usishangae akirudi na bonbon mdomoni. Mashini ni mtoto huyo: ina mbio sana, haichoki, na haifikiri hata kidogo. Mama aliyezoea kutuma watoto kwa maneno ya wazi amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Lugha tunayotumia inaitwa Python. Aliyeitengeneza ni Mholanzi, Guido van Rossum, na aliitoa kwa watu mwaka wa 1991. Jina halikutoka kwa nyoka chatu kama wengi wanavyofikiri, bali kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Ni ya bure, haina cha kulipa. Na tazameni jambo hili: mwaka huohuo wa 1991, kule Maradi katika inchi ya Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake vikundi vya akiba vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Ndivyo vilivyozaa AVEC tulizo nazo leo. Kwa hiyo kaye yetu na Python ni wa umri mmoja.

Lakini tusikimbilie mashini. Kazi kubwa ya kwanza iko katika kaye, na hapa tunaomba mutuvumilie, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaanguka.

Funguo tatu tunazo, lakini mara nyingi kaye yenyewe imeandikwa na mikono mitano. Juma hili sekreteri ameandika "Furaha", juma lijalo msaidizi wake ameandika "Furaa", na juma la tatu "M. Furaha". Sisi tunajua ni mama mmoja. Mashini itaona wamama watatu, na itawagawia pesa kama watatu. Dawa yake ni kumpa kila memba namba yake siku ya kwanza ya mzunguko, na kuandika namba hiyo tu mpaka mwisho. Namba ina faida nyingine, na kwetu si ndogo: kama simu ikiibiwa, au karatasi ikipotea njiani, hakuna atakayesoma ni mama gani ana pesa ngapi. Katika mahali petu, orodha ya majina yenye pesa pembeni ni kitu cha hatari. Majina yabaki katika karatasi moja, ndani ya sanduku, chini ya kufuli tatu.

Kisha kuna nukta. Katika masomo yetu tumefundishwa kuandika elfu mbili hivi: 2.000, na mbili na nusu hivi: 2,5. Python imefundishwa kinyume. Ukiiandikia 2.000, inasoma mbili. Siyo elfu mbili: mbili! Haitalalamika, haitaandika kitu chekundu, itaendelea kuhesabu kwa utulivu na kukupa jibu la kuchekesha. Ukiandika 2,450, inaona namba mbili zilizokaa pamoja, 2 na 450. Kwa hiyo ndani ya mashini, elfu mbili ni 2000, bila nukta, bila koma, bila nafasi. Katika ukurasa huu tunaendelea kuandika kama tulivyozoea, ila katika mistari ya Python tutaandika kama inavyotaka yenyewe.

Jambo la tatu ni dolari na franka. Kuna karne ambamo leo imeandikwa 5, kesho 10.000, na kila mtu anajua 5 ile ilikuwa ya dolari. Mashini haijui. Ukijumlisha safu hiyo utapata 10.005 ya kitu ambacho si dolari wala si franka. Wekeni safu mbili: moja ya kiasi, moja ya aina ya pesa. Na siku mukigeuza, andikeni ilikuwa kwa bei gani siku ile, kwani juma lijalo bei itakuwa nyingine.

Mama akiisha kufanya hayo matatu, hata kama hatagusa ordinatere maisha yake yote, kikundi chake kimepona nusu ya magomvi.

Sasa mstari wa kwanza. Tulitafuta zoezi ambalo halitoki mbali, tukalipata hapa kwetu Kivu ya Kaskazini. Mwaka wa 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Alikuta mfupa mdogo wa urefu wa karibu sentimeta kumi, uliokatwa alama nyingi kwa makundi katika safu tatu. Una miaka karibu 20.000, na leo uko Bruxelles. Wataalamu hawapatani ulikuwa wa kazi gani. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hesabu wa Marekani aliyeandika sana juu ya hesabu za Afrika, alikuwa na wazo kwamba huenda ni mwanamke aliyekata alama hizo, akifuata mwezi na siku zake. Hakuna awezaye kuthibitisha. Sisi wazo hilo linatupendeza, hatufichi.

Safu moja ya mfupa ina makundi ya alama 9, 19, 21 na 11. Nyingine ina 19, 17, 13 na 11. Andikeni hivi:

mfupa = [9, 19, 21, 11]
print(sum(mfupa))

Mstari wa kwanza unasema: chukua namba hizi nne, ziweke katika kikapu kimoja, kikapu kiitwe mfupa. Jina la kikapu tunalichagua wenyewe, hata kwa Kiswahili. Mstari wa pili una maneno mawili ya Kiingereza. La kwanza, sum, ni ndugu wa "somme" ya Kifaransa: jumlisha. La pili, print, maana yake onyesha jibu. Mashini inaandika 60. Sasa wekeni namba za safu ile nyingine. Jibu ni 60 tena. Safu mbili tofauti, jumla moja. Mama mmoja aliona hilo akapiga makofi, nasi hatukumwambia anyamaze.

Maneno ya namna hiyo si mengi. Kwa mwezi wa kwanza tunatumia matano tu: print, sum, len (hesabu vitu vilivyo katika kikapu), for na in (kwa kila kitu kilicho ndani ya kikapu, fanya hivi). Ndiyo maana mama wa darasa la sita hakai nyuma sana ya mwalimu. Kiingereza wote hatuna, na hesabu ya AVEC yeye anaijua kutushinda.

Tuje basi kwa sanduku. Tuseme kikundi kina wamama watano, tuwaite kwa kazi zao: wa sambaza, wa makala, wa sombe, wa kushona, wa mikate. Hisa moja ni 2.000 franka. Katika mzunguko wa miezi kumi, walinunua hisa 84, 61, 40, 102 na 73. Siku ya kugawana, pamoja na faida ya mikopo, sanduku lina 882.000 franka.

hisa = [84, 61, 40, 102, 73]
sanduku = 882000
bei = sanduku / sum(hisa)
print(bei)

Alama ile ya / ni kugawanya. Hisa zote ni 360, na mashini inaandika 2450.0, maana yake elfu mbili mia ine na makumi tano. Hisa iliyonunuliwa kwa 2.000 imezaa 450. Sasa tunataka fungu la kila mama:

for h in hisa:
    print(h * bei)

Nyota ni kuzidisha. Nafasi ile mbele ya print katika mstari wa pili si mapambo: inamwambia Python kwamba agizo hili liko chini ya lile la juu. Ukiiondoa, itakataa. Majibu yanatoka moja chini ya lingine: 205.800, 149.450, 98.000, 249.900 na 178.850. Yajumlisheni kwa kalkulatrisi, mutapata 882.000, bila franka moja kubaki.

Mistari sita imemaliza kazi ambayo kesieri anaifanya mchana mzima. Hapo ndipo watu wanapumzika. Sisi tunasema hapo ndipo pa kufungua macho.

Tuseme anayeandika ameruka mihuri miwili ya mama wa sombe, akaandika 38 mahali pa 40. Kitatokea nini? Hisa zote zitakuwa 358, bei ya hisa itapanda kidogo mpaka karibu 2.464, na mama wa sombe atapata karibu 93.620 mahali pa 98.000. Amepoteza zaidi ya franka 4.300. Na wale wanne wengine? Kila mmoja ameongezewa kidogo, bila kujua. Jumlisheni sasa mafungu yote: 882.000! Sanduku limekwisha sawasawa, hakuna kilichobaki, hakuna kilichopungua, kila mtu anasema hesabu ni safi. Pesa ya mama mmoja imeingia katika mifuko ya wenzake, na mashini haikuona kitu, kwa sababu yenyewe ilifuata ilichoambiwa. Na yule aliyepoteza mara nyingi ndiye aliye na hisa chache, asiyesoma vizuri, anayengoja tu jina lake liitwe.

Kumbe kuna njia ya kumkamata mdudu huyo, nayo haitaki elimu kubwa. Hisa zinahesabiwa mara mbili, kwa njia mbili zisizojuana. Njia ya kwanza ni kwa mtu, kutoka karne za wamama. Njia ya pili ni kwa mwezi, kutoka kaye kubwa ya sekreteri. Kikundi chetu cha mfano kilinunua hivi, kuanzia Machi mpaka Desemba:

miezi = [44, 41, 46, 39, 43, 40, 17, 31, 35, 24]
print(sum(miezi))

Jibu ni 360. Karne zinasema 360, kaye inasema 360: sasa mugawane. Kama karne zingesema 358, pesa haitoki kwenye kitenge mpaka mihuri miwili ipatikane. Tungependa vikundi viweke jambo hilo katika sheria zao za ndani, hata vile visivyo na simu hata moja, kwa sababu linafanyika kwa biki na karatasi vilevile.

Orodha ileile ya miezi inasema kitu kingine tena. Andikeni:

print(sum(miezi) / len(miezi))

Inatoa 36.0, ndiyo kadiri ya kila mwezi. Angalieni sasa namba ya saba: 17, chini ya nusu ya kadiri. Ni Septemba. Hakuna mama anayehitaji kuelezwa Septemba ni nini: uniforme, kaye, viatu, pesa ya masomo ya wale wakubwa. Tulilijua tangu zamani, lakini kulijua moyoni na kuliona katika namba si kitu kimoja. Ukileta namba hiyo mbele ya kikundi katika mwezi wa tatu, mazungumzo yanageuka. Mmoja atasema tuweke mfuko wa masomo pembeni kuanzia Aprili, mwingine atasema mikopo ya Agosti iwe midogo, na watabishana juu ya kitu kinachoonekana. Hiyo ndiyo maana ya kufanya kazi na data, neno hilo lisitutishe. Kila mama aliyepeleka mtoto kupimwa kilo, akaona mstari wa fishi yake unapanda au umelala, amekwisha kusoma grafiki na kujua la kufanya.

Wanaotaka kuanza wanatuuliza juu ya vyombo. Ordinatere ni nzuri lakini si lazima. Simu ya Android inatosha. Kuna programu ya Pydroid 3 inayoendesha Python bila intaneti. Mega zinatumika siku ya kuipakua tu, kwa hiyo tafuteni mahali penye Wi-Fi, au mukusanye pesa ya mega watu wawili watatu. Vifungo kama [ na ] vimejificha katika kibodi ya simu, vinataka uvumilivu wa siku mbili tatu. Angalieni pia herufi kubwa: simu nyingi zinapenda kuanza mstari kwa herufi kubwa zenyewe, na kwa Python, Hisa na hisa ni vikapu viwili tofauti.

Maandishi ya kosa yakitokea, musifunge simu kwa aibu. Si matusi, na hakuna kilichoharibika. Tafuteni namba ya mstari. Mara nyingi kosa liko katika mstari huo au ule ulio juu yake, na mara nyingi ni kifungo ambacho hakikufungwa. Sisi walimu tunapenda sana kosa la namna hiyo, kwa sababu linajitaja lenyewe. Lile la 38 mahali pa 40 halijitaji.

Wengine watasema hii ni kazi ya wanaume vijana. Waambieni kwamba aliyechapisha programu ya kwanza inayojulikana, mwaka wa 1843, alikuwa mama wa watoto watatu, Ada Lovelace wa Uingereza. Na ordinatere kubwa ya Marekani iliyoitwa ENIAC, iliyoonyeshwa watu mwaka wa 1946, waliiandikia programu zake za kwanza wanawake sita. Tusikawie zaidi hapo, tuna kazi.

Kwa siku ya kugawana, hivi ndivyo tunavyoshauri. Mama mmoja asome kwa sauti kutoka karne, wa pili aandike katika simu, wa tatu aangalie kioo na kurudilia kila namba kwa sauti. Wale watatu wa funguo ndio wanaofaa zaidi. Mistari ya programu iandikwe pia kwa biki katika ukurasa wa mwisho wa kaye, kusudi mwaka ujao, hata kama aliyekuwa akiandika amehama au amejifungua, mwingine aikute. Kisha kila mama achukue hisa zake, azidishe na bei iliyotangazwa, yeye mwenyewe, kwa simu yake au kwa kidole juu ya udongo, kabla hajapokea.

Siku ya Posho ijayo tunaanza kufundisha namna ya kuweka kaye nzima katika faili moja na kuisoma kwa Python, juma kwa juma. Mama mwenye simu alete simu iliyojaa umeme. Asiye nayo alete kaye ya kikundi chake na biki. Watoto wadogo wanakaribishwa, kuna mkeka.